Ukurasa Usiokwaruza

Watu watatu walisimama mbele ya kioo kimoja katika Jumba la Wasanifu mjini Moshi, wakitazama tovuti moja ya chama cha wakulima wa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyeona alichokiona mwenzake. Mnunuzi aliyetoka Busan aliona bei, ratiba za mizigo na punje za kahawa zilizokuzwa mpaka mfereji wa katikati ukaonekana. Binti wa darasa la nne, aliyeletwa na mwalimu wake, aliona mti wa kahawa ukiota, ukichanua maua meupe na kuzaa. Mkulima mzee wa Kibosho, ambaye macho yake yalikwisha kufa, hakuona kitu, lakini sauti ya mwanamke wa makamo ilimsomea habari za mvua na dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, kwa Kichaga cha kwao, polepole, kama apendavyo kusikia. Anwani ilikuwa moja. Kurasa zilikuwa tatu, na zote zilifumwa palepale, kabla hujapepesa jicho.

"Huyo ndiye Mfumaji," Aikande Mmari aliwaambia wageni. "Hana ukurasa aliouweka tayari. Anasubiri mtu afike, amtazame, ndipo afume."

Mzee wa Kibosho aligeuza uso upande wa sauti yake. "Mwanangu, huyu mama anayenisomea ni wa ukoo gani? Anaongea kama marehemu dada yangu."

Wageni walicheka. Aikande naye alicheka, na moyoni akafurahi, maana huyo mama hakuwa wa ukoo wowote. Alikuwa kazi ya mikono yake.

Aikande aliitwa msanifu wa tovuti, lakini msomaji asidanganyike na jina la kazi hiyo. Msanifu wa tovuti wa zamani alikuwa mtu wa kuchora ukurasa mmoja na kuwalazimisha watu wote waupende. Na mitindo yenyewe, jamani. Ilikuja enzi ya vitufe vinavyong'aa kama pipi. Ikaja enzi ya kurasa bapa zisizo na kivuli, kisha enzi ya kupanga kila kitu kwenye visanduku, kisha enzi ya weusi, kila tovuti giza utadhani nchi nzima imefiwa. Kila mtindo uliingia kwa mbwembwe na kuondoka bila kuaga, na katikati ya yote hayo mtu wa kawaida alikuwa anatafuta tu namba ya simu ya hospitali, huku madirisha yakimrukia usoni kumtaka akubali vidakuzi kabla hajajua hata amefika wapi.

Mfumaji alimaliza vurugu hiyo, na Aikande ndiye aliyemtia adabu. Wahandisi walikuwa wamempa Mfumaji nguvu za kufuma, lakini hakujua kipi kizuri na kipi kibaya. Aikande alimfundisha kutazama nyuso. Kila kioo kilikuwa na jicho dogo, na jicho hilo lilisoma paji, kope na kona za mdomo. Uso ukikunjamana, hata kidogo kiasi gani, Mfumaji alielewa kwamba kuna kitu kimemkwaruza msomaji, naye alikiondoa au kukilainisha kabla msomaji mwenyewe hajatambua. Aikande aliliita jambo hilo kipimo cha kwaruzo. Kanuni yake, "Mkunjo wa msomaji ni kosa la msanifu," iliandikwa kwenye kuta za vyuo kuanzia Kigali hadi Beira, na mtindo uliozaliwa nayo ukaitwa Laini. Tangu hapo hapakuzuka mtindo mwingine. Nani angeutaka, wakati vikongwe waliokuwa wakiona aibu mbele ya mashine za zahanati sasa walihudumiwa kama wageni wa heshima? Sifa zilikuwa haki yake, na mimi sitamnyima.

Kisha baba yake akafa.

Mzee Aminieli Mmari, mwalimu mstaafu wa hesabu, alifariki nyumbani kwake Machame akinywa chai. Ukoo wake ulikuwa umetapakaa dunia nzima, kwa hiyo Aikande alifanya alichokijua kuliko watu wote: alifungua ukurasa wa msiba na kumkabidhi Mfumaji. Ulikuwa ukurasa wa kupendeza, lazima tuseme. Mjukuu aliyezaliwa Oslo, asiyejua hata salamu ya kwao, alisoma historia ya babu yake kwa Kinorwe na kujikuta anaimba wimbo wa ukoo, sauti ikimshika mkono neno kwa neno. Mjomba kiziwi wa Mwanza alisoma hotuba za wafiwa kwenye kioo chake maneno yakitoka vinywani mwao. Wajukuu waliona picha za babu akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Watu waliandika kwamba hawajawahi kuona msiba uliopangwa vizuri vile.

Mama yake Aikande ndiye aliyekuwa hali chakula, halii wala hasemi. Alikaa mbele ya kioo sebuleni, mtandio umemshuka mabegani, akisoma rambirambi zinazopita. Siku moja kabla ya mazishi alimwita binti yake.

"Aikande. Watani wako wapi?"

Aikande alikaa karibu naye. "Wapare? Si wameandika, Mama?"

"Soma walichoandika."

Kwenye kioo cha mama yake palikuwa na mstari mmoja, wenye herufi nzuri: Nakundwa Mbwambo na ndugu zake wa Usangi wanatoa pole kwa familia.

"Nakundwa anatoa pole," mama alisema. "Nakundwa. Alifundisha na baba yako shule moja tangu sijaolewa, hawajawahi kusalimiana bila kutukanana. Leo ananipa pole kama meneja wa benki. Mtani akikupa pole, ujue amekutupa. Baba yako aliwakosea nini wale watu?" Aliuvuta mtandio, akakifunika kioo nao. "Basi. Tutamzika kimyakimya, kama mtu aliyekufa safarini."

Kwa asiyejua, Mchaga na Mpare ni watani tangu zamani za mababu. Mmoja akifiwa, mwenzake huja kumtukana marehemu, kuwazuia wazikaji na kudai faini, mpaka wafiwa wacheke hapo hapo wanapolia. Ni heshima kubwa, na hakuna anayeweza kuinunua. Siku hizi za vioo desturi ilikuwa imejitengenezea mlango: mtani alibisha hodi kwa tusi kwenye ukurasa wa msiba, na wafiwa walimjibu kwa tusi. Tusi hilo la kujibiwa ndilo lililomkaribisha. Asipojibiwa hivyo, haji.

Aikande hakusubiri. Alipanda garimoshi la sumaku hadi Same, akachukua kigari cha waya kinachopanda milima ya Upare, na kabla ya saa sita mchana alikuwa Usangi, anabisha kwa Mwalimu Nakundwa. Alimkuta uani anapepeta maharage. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakuacha kupepeta. "Karibu. Poleni sana na msiba."

Aikande alihisi baridi ya maneno hayo. Mama yake alikuwa amesema kweli. "Mwalimu, mbona hamji? Mama anaumia."

"Nije wapi? Mmenishukuru."

"Sikuelewi."

Nakundwa aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kioo chake kidogo cha mkononi. "Nilibisha hodi siku ileile niliyosikia. Soma mwenyewe."

Aikande alisoma. Nakundwa alikuwa ameandika: Aminieli, umekufa kweli au umejificha usinirudishie jembe langu? Nakuja na ndugu zangu. Huzikwi mpaka Wapare tuhakikishe. Chini yake palikuwa na jibu: Familia inakushukuru kwa maneno yako ya faraja. Tunathamini upendo wako katika kipindi hiki kigumu.

"Nimemtukana marehemu, nikaambiwa asante," Nakundwa alisema. "Ningetukanwa ningekuja mbio, hata kwa miguu. Lakini mtu anayekwambia asante kwa tusi anakwambia wewe si mwenzake, shika adabu yako. Na hii si mara ya kwanza. Mwaka jana nilipofiwa na mume wangu nyumba yenu ilinichukulia kama mgeni vilevile. Nilivumilia. Safari hii nikasema, kifo ni kifo, acha nibishe hodi. Mkanishukuru."

Aikande alikaa juu ya kinu kilichoinamishwa. Alikumbuka vizuri jioni ya siku ya kifo. Alikuwa amekaa bega kwa bega na mama yake, na ghafla uso wa mama ulikunjamana, macho yakasinyaa, mdomo ukavutwa pembeni. Kisha kioo kikatulia, na uso ukarudi ulivyokuwa, mtupu. Aikande aliona kila kitu. Alidhani ni uchungu wa msiba.

Sasa alielewa. Uso unaokaribia kucheka kwa utani hukunjamana kwanza. Neno la mtani huchoma, halafu ndipo hucheka aliyechomwa. Mfumaji aliona mkunjo, akaliondoa tusi, akaweka pole mahali pake, akamjibu Nakundwa kwa upole uleule. Alifanya kazi yake barabara. Ni Aikande ambaye, miaka yote aliyomfundisha kusoma nyuso, hakuwahi kumwambia asubiri kidogo aone kinachofuata.

"Ni mashine," alisema. "Mwalimu, hakuna mtu aliyekushukuru. Ni mashine yangu. Nimeifundisha mimi."

Alieleza yote bila kujitetea, na Nakundwa alisikiliza mikono imefumbata magoti.

"Umeniambia vizuri," mwalimu alisema mwishowe. "Lakini aliyefungiwa mlango hafunguliwi kwa maelezo. Utani una dawa yake. Nitukane."

"Mwalimu?"

"Wewe ni binti wa Aminieli. Mimi ni Mpare, nimekaa mbele yako napepeta maharage. Kazi nimekurahisishia. Nitukane, nione kama nyumba ile bado ina mtu."

Aikande alifungua mdomo. Alitafuta, akatafuta. Yalimjia maneno ya kuomba radhi, ya kushukuru, ya kumsifu mwalimu kwa subira yake; yalikuja kwa mpangilio mzuri, kila moja laini. Tusi halikuja hata moja. Msichana aliyekua akisikia baba yake na huyu mama wakichambana kila Jumamosi alikuwa ameishi ndani ya kurasa zake mwenyewe kwa muda mrefu kiasi kwamba ulimi ulikwisha sahau njia.

"Samahani," alisema mwishowe.

Nakundwa aliuchukua ungo wake. "Nenda kamzike baba yako, mwanangu. Nitafikiri."

Akiwa njiani kurudi, Aikande aliufungua moyo wa Mfumaji. Wazo lake la kwanza lilikuwa kumzima kabisa na kuweka ukurasa mmoja kwa wote, kama enzi za kale. Kisha akamkumbuka mjukuu wa Oslo na wimbo wake, mjomba wa Mwanza na hotuba zake, na mzee wa Kibosho aliyesikia sauti ya dada yake. Hakuweza kuwanyang'anya. Aliacha lugha, sauti na herufi kama zilivyo, na katika ukurasa wa msiba wa baba yake akaondoa kitu kimoja tu, kipimo cha kwaruzo. Haikuwa rahisi, maana katika mashine nzima hakuna kilichokuwa chake kuliko hicho.

Asubuhi ya mazishi kihamba, lile shamba la nyumbani, kilijaa watu. Roboti mchimbaji lilikwisha maliza kaburi kati ya migomba, limesimama pembeni na mikono yake mirefu, likisubiri kulishusha jeneza. Mchungaji alikwisha omba. Mama yake Aikande alisimama mbele, mkavu, anatazama udongo. Roboti liliinua jeneza, likapiga hatua moja, likasita.

"Tafadhali sogea," lilisema kwa sauti ya upole. "Eneo hili si salama."

Ukingoni mwa kaburi, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe, alikuwa amekaa Nakundwa Mbwambo, miguu inaning'inia shimoni. Nyuma yake walisimama Wapare wa Usangi, wazee kwa vijana, wametoka jasho la kupanda kilima.

"Sisogei," alisema. "Huyu hazikwi. Ana jembe langu. Na nimesikia shimo limechimbwa na mashine, kumbe Wachaga mmekuwa wavivu hata wa kumfukia mwenzenu? Nyie kazi yenu kukimbilia hela tu, udongo mnaogopa kuushika?"

Nyuso zikakunjamana kihamba kizima. Wajukuu waliotoka mbali walitazamana kwa hofu. Mmoja alimshika mama yake mkono akauliza yule bibi ana ugonjwa gani. Kijana wa ukoo alianza kwenda kumwondoa. Aikande alimzuia kwa mkono, akamtazama mama yake.

Uso wa mama ulikunjamana, vilevile kama jioni ile. Safari hii hapakuwa na wa kuutuliza.

"Nakundwa," mama alisema, na sauti ilikwaruza kwa kutotumika. "Jembe lako lilikufa kabla ya Aminieli. Ulimwazima likiwa limeoza mpini, ukitegemea livunjike mkononi mwake upate kesi ya kupeleka mahakamani. Maana Mpare bila kesi halali usingizi."

Wapare walipiga vigelegele. Mama akacheka, akaendelea kucheka, na ndani ya kicheko hicho kilio kikatoka, kikubwa, kilichokuwa kimemkaba tangu siku ya kifo. Nakundwa alisimama akamkumbatia, wakalia wote wawili, na roboti likangoja na jeneza mikononi mpaka watani walipotangaza faini yao: koleo kwa kila kijana wa Kichaga, wamfukie baba yao wenyewe. Walimfukia. Wajukuu wa Oslo walitoka malengelenge.

Baada ya chakula Nakundwa alimkuta Aikande nyuma ya jiko, amekaa peke yake, kioo mapajani, hakitazami.

"Wewe ndiye unayepaswa kufurahi," mwalimu alisema. "Mama yako amekula."

"Nimefurahi. Nawaza wengine." Aikande alikigeuza kioo kifudifudi. "Mfumaji anaendesha misiba ya nchi nzima, Mwalimu, na zaidi ya nchi. Watani wangapi wameshukuriwa wakarudi nyumbani? Watu wangapi wamezikwa wakidhaniwa wametupwa? Huku nimewasha taa kwa msiba mmoja, kwa sababu ni wangu."

"Kesho utawasha mingine."

"Ya kesho, ndiyo. Ya jana je?"

Nakundwa aliketi kando yake kwa kishindo cha magoti, akatazama migomba. Baadaye alisema, bila kumgeukia, "Ya jana nina mmoja. Baba yako hakuja kumzika mume wangu. Aliniandikia pole ya mstari mmoja. Nikamjibu, nadhani nilimjibu vibaya, naye akanyamaza. Mwaka mzima hatukusemezana. Nilijiambia nitampata Jumamosi moja, nimchambe mpaka ajieleze. Sikumpata."

Aikande alikumbuka. Alimwona baba yake mbele ya kioo mwaka uliopita, amevaa koti la safari, kofia mkononi, akiuliza nyumba nzima: Nakundwa ananishukuru, mimi nimemkosea nini? Alikaa na koti lile mpaka jioni, kisha akalivua. Na yeye Aikande alipita pale, ana haraka ya kwenda kupokea tuzo ya mtindo wa Laini, akamwambia baba, watu wakifiwa hubadilika.

Mfumaji hulainisha maneno, lakini hayatupi. Alikichukua kioo, akatafuta ukurasa wa msiba wa Usangi, akautoa mstari mmoja wa pole na kukifikia kilichokuwa chini yake, kama kilivyoandikwa na baba yake siku ile. Alikisoma kwanza mwenyewe. Angeweza kukiacha hapo. Badala yake alikisoma kwa sauti.

"Nakundwa, nasikia mume wako amekufa. Amefanya vyema, amepumzika na makande yako. Nakuja na Wachaga wenzangu. Pika ndizi, la sivyo tunamfufua aendelee kuyala."

Uso wa mwalimu ukakunjamana. Ulikunjamana wote, paji, kope na mdomo, na kila alichokijua Aikande kilimwambia aseme neno, alainishe, aombe radhi. Alijizuia kwa nguvu zote. Alingoja.

Kicheko kilitoka taratibu, kikavu, kikimtikisa mama yule mabega. Kilipoisha alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mjinga huyu," alisema. "Ndizi nilipika. Nilipika sufuria nzima."